Udongo Uliokwenda Homa Bay

Usiku ule sikufunga mlango wangu. Niliuegemeza tu kwa kigoda, nikaketi kando ya kibatari nikisikiliza barabara. Asubuhi ya siku ileile mume wangu Zadock alikuwa amemtuma Cephas, mwana wetu wa pili, aende Homa Bay akamtoe Filister kwenye kozi ya walimu na kumrudisha nyumbani. Filister ni mke wa Elijah, mwana wetu wa kwanza. Mvua tuliyoingoja tangu mwezi wa tatu ilikuwa imenyesha hatimaye, na yeye hayupo.

Zadock alikuwa kitandani akijifanya amelala. Masikio yake yaliharibiwa na mashine za mgodi wa Macalder, hajisikii anavyopumua, kwa hiyo akijifanya amelala hupumua kwa kishindo kuliko mtu aliyelala kweli.

"Hawajafika?" akauliza baadaye.

"Wakifika utawaona."

"Usimpe chakula kabla hajanisalimu."

"Na asipokuja?"

Akarudia kupumua.

Mimi nilikuwa naomba asije. Papo hapo nilikuwa naogopa kwamba kweli hatakuja.

Kwa msomaji asiye wa upande wetu lazima nieleze. Katika boma la Mjaluo mbegu haitolewi ovyo. Mama wa boma hupanda kwanza, kwa mkono wake, katika shamba lake. Akishapanda, hufuata mke wa mwana wa kwanza, naye kwa mkono wake katika shamba lake, kisha mke wa mwana wa pili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kuna mambo ya mume na mke yanayoendana na hayo, lakini hayo siyaandiki. Mdogo akimtangulia mkubwa, watu husema chira itaingia, ule ugonjwa wa kukonda usio na dawa hospitalini, na mara nyingi humshika mtoto. Mimi nimebatizwa na husimama kanisani kusoma zaburi. Lakini nina wajukuu, na mtoto akikohoa usiku, zaburi na chira hunijia pamoja.

Kwa hiyo Filister asipotoa mbegu, Roseline mke wa Cephas hawezi kutoa. Majirani wangepanda sisi tukitazama, na mvua za kwetu zikishapita hazirudi kuuliza nani alichelewa.

Filister ni binti wa Karungu, kule ziwani. Baba yake alikuwa mvuvi, tena mvuvi wa wavu mmoja, lakini alimsomesha msichana wake mpaka darasa la nane watu wakimcheka. Elijah alipomleta kwetu karibu na Masara, nilimwangalia kama ninavyoangalia kila kitu kinachoingia bomani, kwa mashaka. Alikuwa mrefu, mkimya, na akitembea kwenye matope hushika viatu mkononi. Nilisema moyoni, huyu anapenda viatu kuliko miguu. Baadaye shule yetu ikakosa mwalimu wa watoto wadogo, mwalimu mkuu akamwomba asaidie kidogo, na kule kusaidia kidogo kukawa miaka. Kila asubuhi alifika pale shuleni na viatu mkononi, akanawa miguu kwenye debe la maji mlangoni, akavaa viatu, ndipo akaingia darasani. Watoto wa la kwanza walimngoja wamesimama. Nilimwona mara nyingi kutoka njia ya mtoni. Hakuwahi kuingia mbele ya wale watoto na matope.

Lakini hakuwa na cheti. Mkaguzi alikuja na Land Rover akawakusanya walimu wa namna yake, akawaambia serikali sasa inataka walimu waliofunzwa. Kutakuwa na kozi, masomo mengine kwa posta, mengine kwa redio, na wakati wa likizo watakaa chuoni Homa Bay. Atakayemaliza na kushinda mtihani atapewa cheti. Asiyemaliza atarudi nyumbani kwake kulima.

"Na mimi nitalima nikipenda," Filister aliniambia jioni ile, akichambua mboga. "Sitaki kulima kwa sababu nimefukuzwa."

Masomo ya posta yalifikia dukani kwa Maroa, Mkuria mmoja mwenye duka njia ya kwenda Migori mjini. Redio pia ilikuwa ya Maroa. Saa ya somo Filister alisimama nje ya dirisha la duka, mtoto mgongoni, karatasi juu ya kizingiti cha dirisha, akiandika. Wanaume waliokunywa chai pale hawakumpa nafasi.

"Mwalimu, redio inasema nini juu ya bei ya pamba?"

"Inasema mnyamaze nisikie."

"Mama mzima unafundishwa na sanduku?"

"Wewe hufundishwi na lolote, na unaonekana."

Maroa alicheka mpaka akamwaga sukari. Tangu siku hiyo aliongeza sauti ya redio wakati wa somo la walimu, na aliyetaka kupiga kelele aliambiwa aende kunywa chai kwa mwingine.

Mimi ndiye niliyebaki na watoto wake. Sikujisifu kwa hilo na sikulalamika. Niliogopa maneno ya watu, niliogopa mwanangu ataitwa mume wa mwalimu, niliogopa hata yale maandishi yake, kwa kuwa mimi nilisoma miaka miwili tu kwa wamisheni na Kiswahili changu nilikiokota Macalder, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi, tulikoishi na watu wa kila lugha. Lakini niliona jambo moja. Siku alizorudi kutoka dukani kwa Maroa, hata akiwa amechoka, alipika akiimba.

Mwaka wa kwanza wa kozi alikwenda vizuri likizo ya Aprili. Likizo ya Agosti ndugu wa Zadock akafariki. Cephas akatumwa Homa Bay kumwita, kwa kuwa mke wa mwana wa kwanza ana kazi yake kwenye matanga. Filister akaja. Alipika, akateka maji, akalia penye kulia, akakaa mpaka wageni walipoondoka. Aliporudi chuoni akaambiwa jina lake limekatwa, aanze upya mwaka unaofuata, na kwamba hiyo ni ruhusa ya mwisho. Hakuna mtu wa boma letu aliyemwambia pole. Mimi nilimwambia, lakini nilimwambia kwa sauti ndogo, jikoni.

Akaanza upya. Aprili, Agosti, Desemba. Ikabaki Aprili hii moja, mwaka wa sitini na tisa, na mtihani mwisho wake.

Kwa kawaida tunapanda mwezi wa tatu, kabla ya likizo. Mwaka ule mbingu zilikuwa kavu kama bati. Siku tatu kabla ya kuondoka, Filister alikuja akapiga magoti mbele ya Zadock, mimi nikiwapo, na Cephas na Roseline wakiwapo.

"Baba, naomba Mama atoe mbegu kesho, hata kama ardhi ni kavu. Kesho kutwa nitatoa yangu. Nikiondoka, mvua ikija itukute tumeshapanda."

"Nipande vumbi?" Zadock akauliza.

"Mbegu chache tu, Baba. Kwa ajili ya utaratibu."

"Tangu nizaliwe sijapanda vumbi. Panya wataila, na watu watasema Zadock amefilisika akili."

Roseline akasema kwa upole, upole wake ule, "Mwalimu anaweza kupanda kwa chaki. Akachora mahindi ubaoni, sisi tukapalilia."

Cephas akacheka. Filister hakumtazama. "Nyieka," akamwambia Roseline, maana kwetu wake za ndugu huitana kama wake wenza, "nikirudi na cheti, nitakuchorea na ng'ombe."

Zadock akasema neno lake, kwamba angoje mvua. Filister akasema chuo hakingojei mvua. Akaondoka asubuhi ya siku yake. Elijah, ambaye hufanya kazi reli Kisumu na alikuwa amekuja na ruhusa ya kupanda, alimpeleka stendi kwa baiskeli, sanduku lake la bati limefungwa nyuma. Wiki tatu zikapita kavu. Kisha mvua ikanyesha, usiku kucha, mtihani ukiwa umebakiza siku chache.

Zadock alimwambia Elijah aende kumleta mkewe. Elijah akasema, "Mimi ndiye niliyempeleka. Siwezi kuwa ndiye ninayemrudisha." Ndiyo sababu akatumwa Cephas.

Cephas alifika alfajiri, juu ya lori la mawe, suruali imejaa matope mpaka kiunoni. Alikuwa peke yake. Nilishukuru, kisha nikakaa tena.

Zadock alitoka nje na blanketi begani. Elijah na Roseline wakaja pia, maana hakuna aliyelala.

"Yuko wapi?" Zadock akauliza.

"Amebaki."

"Alisema nini?"

"Alinipa chai," Cephas akasema.

"Nimeuliza alisema nini."

"Alisalimu watu wote. Alisalimu Mama mara mbili." Akajifuta uso. "Alisema mwaka juzi mlimwita akaja, na hakuna aliyemsindikiza kurudi. Mtihani unaanza kesho. Akasema anawaheshimu, na haji."

Elijah alitazama chini, lakini niliona anazuia kutabasamu, na nikaogopa baba yake asije akaona.

Zadock alisema polepole, kama mtu anayesoma. Mama Elijah, ndiye mimi, atoe mbegu yake leo. Kesho jua likizama bila mbegu ya Filister kuwa katika udongo wa shamba lake, boma hili halitakaa na njaa kwa sababu ya mtu mmoja. Atamweka Roseline katika nafasi ya kwanza, ataita wazee washuhudie, na sanduku na vyungu vya yule mwingine vitapelekwa Karungu kwa baba yake.

"Baba," Elijah akasema.

"Nimemaliza."

Nilipanda shamba langu asubuhi ile. Zadock alisimama kando yangu kama inavyotakiwa. Kila shimo nililolifungua nilifikiria lile sanduku la bati njiani kwenda Karungu, na watoto wawili nyuma yake, au watoto wawili wamebaki kwangu wakiuliza. Nilifikiria pia kumwambia Roseline apande tu, na lolote liwe. Kisha nikamwona mtoto mdogo wa Roseline anatambaa mlangoni kwao, mnene, ana mate kidevuni, nikajua siwezi kulisema. Roseline mwenyewe asingethubutu. Maneno yake ni makali lakini usiku naye hufunga mlango mapema.

Nilipokwenda kunawa ndipo nikaliona karai la Zadock. Mgodi wa Macalder ulipofungwa, yeye na wenzake walikwenda kuchimba wenyewe Masara. Wanachimba kwenye mashimo yao, wanabeba udongo kwa makarai mpaka mtoni, wanauosha kutafuta dhahabu. Karai lake lilikuwa limeegemezwa ukutani, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuligusa, hata kwa kufulia. Nililiangalia muda mrefu mpaka maji yakakauka mikononi.

Nikalichukua nikaenda nalo mpaka alipokuwa ameketi akinywa uji. Elijah, Cephas na Roseline walikuwa hapo wakisukuma chakula kinywani bila hamu.

"Weka hilo chini," Zadock akasema.

"Nitaliweka. Nijibu kwanza. Unapochimba Masara, udongo unauoshea wapi?"

"Mtoni. Unajua."

"Na pale mtoni ni kwako?"

"Ni kwa watu wa kule chini ya mto. Mbona unauliza mambo ya watoto?"

"Na udongo ukiwa pale, katikati ya makarai ya watu, kwenye ardhi ya watu wa chini, ni udongo wa nani?"

"Ni wa mwenye shimo." Alikasirika kwamba nauliza. "Hata ukiubeba mpaka Kisumu ni wa mwenye shimo. Watu wameumizana kwa sababu ya jambo hilo. Mtu asiguse."

"Sawa," nikasema. "Mimi sitaufikisha Kisumu. Nitaishia Homa Bay."

Alikaa na kikombe hewani. Elijah ndiye aliyeelewa kwanza. Alisimama.

"Nitachukua udongo wa shamba la Filister," nikasema, "pale mbele, anapoanzia kila mwaka. Nitampelekea. Atatoa mbegu kwa mkono wake katika udongo wake. Nitaurudisha na kuuweka palepale ulipotoka, mbele ya macho yako, kesho kabla ya jua kuzama."

"Jambo hilo halijawahi kufanywa."

"Na baba yako aliwahi kuchimba dhahabu?"

"Mama Elijah."

"Nakuuliza kwa heshima. Aliwahi?"

Roseline akasema, "Na mvua, Mama, utaibeba kwa debe?"

"Homa Bay wana mvua yao, binti yangu. Wewe andaa mbegu zako, kesho kutwa usije ukaniambia hujapeta."

Cephas akasema watu watatucheka. Nikamwambia watu walitucheka wakati Elijah alipooa msichana wa shule, na wakati shule ilipomchukua, na wakati aliposimama dirishani kwa Maroa, na mimi nimenenepa katika kucheka kwao. Sijawahi kusema na mume wangu namna ile mbele ya wana wetu, na nilijua nikinyamaza hata kidogo sitaweza kuanza tena.

"Sema wasikie," nikamwambia Zadock. "Akitia mbegu kwa mkono wake katika udongo wa shamba lake, wewe utasema nini?"

Alitazama lile karai. Ni karai lake, alikuwa amelibeba miaka, ukingo wake umeng'aa kwa viganja vyake. Nadhani alikuwa anatafuta kosa katika neno lake mwenyewe.

"Sitasema kitu," akasema mwishoni.

"Wamesikia."

"Lakini kesho, jua likizama."

"Kesho."

Elijah alichimba udongo alfajiri ya siku iliyofuata. Alichimba mraba safi, kama kaburi la paka, akafunika shimo kwa jani la mgomba ili turudishe palepale. Nikafunga mbegu za Filister kutoka kwenye kibuyu chake, mtama na mahindi, katika kitambaa. Elijah akafunga karai kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli akaisukuma mpaka stendi ya Migori, mimi nikifuata nyuma nikilishikilia lisiiname. Kisha akarudi kwa watoto. Jirani yetu mmoja alimwona baadaye akiwakorogea watoto uji, akamwuliza kama mama yake ameenda kuolewa tena. Elijah alimwambia ndiyo, na mahari ameibeba mwenyewe.

Kondakta hakutaka karai ndani ya basi.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Udongo."

"Kwani Homa Bay udongo umeisha?"

"Huko umekwisha wa mwanangu."

Abiria wakacheka, akaniacha niketi nalo mapajani. Pale Rongo tulibadilisha gari, na barabara ilikuwa mbovu kwa mvua, na kila tulipokwama nilihesabu jua. Nilikuwa nimeuliza stendi nikaambiwa gari la mwisho la kunifikisha nyumbani mchana linaondoka Homa Bay muda mfupi baada ya saa saba. Nikilikosa, udongo utalala huko, na sanduku litakwenda Karungu.

Langoni mwa chuo kulikuwa na bawabu, Mkisii, koti lake refu limekatika mkono. Jina lake, kama nilivyosikia akiitwa, Mokaya.

"Shikamoo hapana, hapa ni marufuku," akasema kabla sijafungua mdomo. "Wako kwenye mtihani. Unauza nini?"

"Siuzi. Nimekuja kwa mke wa mwanangu, Filister wa Suna, kule Migori."

"Uje kesho jioni. Wakimaliza."

"Kesho jioni mimi sina kazi naye."

"Mimi naajiriwa, Mama. Nikikuingiza, kesho utanikuta nje pamoja nawe."

Sikumlaumu. Nilikaa ng'ambo ya barabara, karai mbele yangu limefunikwa kwa leso yangu. Nimezoea kukaa na kuangalia. Niliona wanawake watatu wanakuja na mizigo ya kuni ya jikoni mwa chuo, na Mokaya anawafungulia lango bila kuwauliza, huku anatania wa mbele. Nikajitwika karai, nikasimama nyuma ya wa mwisho, nikainama kidogo kama mtu mwenye mzigo mzito, na haikuwa uongo. Tulipopita, Mokaya aliniangalia usoni. Akageuka akafunga lango.

"Kuni za leo ni za ajabu," akasema kwa lango.

Jengo la mtihani lilikuwa refu, madirisha yako juu, mlango mkubwa wa mbao, umefungwa. Nikaketi chini mbele ya mlango ule, mbali kidogo, karai kati ya miguu. Ndani kulikuwa kimya kabisa. Sijui kwa nini kimya kile kilinitisha kuliko kelele zote za nyumbani. Nilijua amekaa mle, mkono wake unaandika, na kwamba sasa hivi mimi ndiye ninayeweza kumharibia.

Mlango mdogo wa pembeni ukafunguka, akatoka msimamizi, kijana mwembamba mwenye tai.

"Mama, hapa ni mtihani."

"Najua. Mke wa mwanangu yumo."

"Mtahiniwa akiongea na mtu wa nje kabla mtihani haujakwisha kesho, karatasi zake zinafutwa. Unataka zifutwe?"

"Sitaki."

"Basi nenda."

"Nimesema sitaki zifutwe. Sijasema nitakwenda."

Akatazama huku na huku kama mtu anayetafuta mkubwa wake. "Hicho ni nini?"

"Shamba lake."

"Shamba gani?"

"Shamba lake, mwalimu. Ni kubwa kuliko hili, mengine yamebaki nyumbani."

"Nitamwita askari."

"Mwite, mwanangu. Nitakuwa papa hapa, hutapata taabu ya kumwonyesha."

Labda na yeye ana mama mahali, labda aliona tu kwamba kumwita askari kungeleta kelele kuliko mama aliyeketi. Akasema wana mapumziko mafupi saa sita, watatoka kunywa maji na kurudi kwa karatasi ya pili, na yeye mwenyewe atasimama mlangoni asikie kila neno. Neno moja tu na karatasi zinafutwa, akasema, akinyoosha kidole. Kisha akaingia.

Jua likafika juu ya kichwa. Kengele ikalia jikoni. Mlango haukufunguka. Nilisikia viti vinasukumwa, nikasikia mtu anaamuru karatasi zikusanywe kwa mistari, kisha kimya tena. Nilinyunyizia udongo maji kidogo kwa vidole kutoka kwenye chupa yangu, ili mikono yangu ipate kazi. Gari la saa saba lilikuwa tayari linapiga honi upande wa mjini, nililisikia. Nikasema moyoni, lipige. Sitoki hapa na karai tupu, na sitoki hapa na mtihani wake umefutwa. Nitatoka na vyote, au walete huyo askari.

Kisha komeo likavutwa, na mlango ukafunguka.

Wakatoka walimu, wanaume na wanawake, watu wazima wamekunja shingo kama watoto wa shule. Filister alikuwa kati ya wa mwisho. Vidole vyake vilikuwa na wino. Aliponiona alisimama, na uso wake ukabadilika. Nadhani alifikiri nimeleta habari ya kifo. Mdomo wake ulianza kufunguka. Nikaweka kidole juu ya midomo yangu, nikatikisa kichwa, nikafunua leso.

Aliutazama ule udongo. Anaujua, ni mweusi wenye changarawe nyeupe, hakuna wa namna hiyo pande zile. Nikafungua kitambaa cha mbegu nikakiweka kando ya karai. Alimtazama msimamizi mlangoni, akanitazama mimi, na nikaona jambo zima linamfikia polepole, kama mtu anayesoma mstari mgumu.

"Nimesema hakuna kuongea," msimamizi akasema.

"Hatuongei, mwalimu," nikamjibu yeye. "Anapanda."

Filister alivua viatu. Akavua kabisa, akaviweka pamoja pembeni, akapiga magoti akakunja mikono ya blauzi. Akafungua vishimo kwa kidole, akatia mtama, akatia mahindi, punje mbili mbili kama tunavyofanya, akafukia, akapapasa juu kwa kiganja. Wenzake walikuwa wamesimama wakiwa na vikombe vya maji, na hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja mzee kati yao alipiga goti naye, akashika ukingo wa karai lisitikisike.

Alipomaliza aliniangalia, akaonyesha kwa mkono kimo cha mtoto mkubwa, kisha kimo cha mdogo. Nikajipapasa tumbo, kwamba wameshiba. Akaonyesha juu zaidi, kimo cha mwanamume. Nikafanya kama mtu anayekoroga sufuria. Akafunika mdomo kwa mkono wenye udongo.

Kengele ikalia. Akanawa mikono kwa maji ya chupa yangu, akavaa viatu, akaingia ndani na wenzake kwa karatasi ya pili, na msimamizi akavuta mlango. Nikafunika karai, nikajitwika, nikapita langoni haraka huku Mokaya akitazama upande mwingine, nikaanza kukimbilia honi ya gari la saa saba, iliyokuwa bado inalia.